Simu ya kawaida kupitia setilaiti, mezani Mombasa: shajara ya mradi

Juni 14, 2025: lengo na mipaka

Wavuvi wa huku kwetu wakishavuka mwamba na kuuacha Mkondo wa Pemba ufunguke mbele yao, simu hubaki kuwa tochi na redio ya nyimbo. Mwenye uwezo hununua simu ya Thuraya, inayozungumza na setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, lakini hiyo ni simu nyingine kabisa, yenye antena yake na laini yake. Mimi nataka kujua simu ileile ya mfukoni inafikaje angani bila kuongezewa chochote. Jambo lenyewe limeshawezekana. Kampuni ya Lynk ilituma SMS kutoka kwenye setilaiti hadi simu ya kawaida mwaka 2020. Nyingine, AST SpaceMobile, ilipiga simu ya sauti Aprili 2023 kutoka Texas hadi Japani kupitia setilaiti yake BlueWalker 3. SpaceX ilirusha setilaiti sita za kwanza za kazi hii Januari 2, 2024.

Njia ni mbili. Ya kwanza, simu haiguswi. Ujanja wote uko upande wa setilaiti na mnara, na simu inaamini imeunganishwa na mnara wa mtaani. Ya pili, simu yenyewe inafundishwa: kanuni za 3GPP (muungano unaoandika kanuni za simu duniani) Toleo la 17, zilizokamilishwa 2022, zinaipa simu taarifa za setilaiti iko wapi ili ijirekebishe. Nitazijaribu zote mbili.

Setilaiti sina, na sitajifanya ninayo. Nitakachoiga mezani ni vitu viwili: kuchelewa kwa mawimbi, na kuhama kwa masafa kwa sababu ya mwendo, yaani athari ya Doppler. Udhaifu wa mawimbi nimeuacha makusudi. Hesabu yake inajulikana: simu hutoa wati 0.2 tu, na setilaiti ya kilomita 600 juu, ukiilinganisha na mnara wa kilomita 5, inapokea mawimbi dhaifu mara 14,400. Hilo hutatuliwa kwa antena kubwa, ndiyo maana BlueWalker 3 ilikunjua antena ya mita za mraba 64. Antena ni suala la pesa. Kuchelewa hakununuliki.

Juni 28: sanduku

Masafa ya simu yana wenyewe waliolipia leseni, na Mamlaka ya Mawasiliano haiulizi nia yako ilikuwa njema kiasi gani. Kwa hiyo kila kinachotoa mawimbi kinakaa ndani ya sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, nililolinunua Kongowea kwa shilingi 3,200.

Jaribio la sanduku halina gharama: tia simu ndani, funga, kisha ipigie. Ikiita, linavuja. Iliita, tena kwa netiweki nzuri. Nilidhani mlango mkubwa wa mawimbi ni tundu la kebo, nikaliziba kwa karatasi ya alumini, na bado simu ikaita. Tatizo lilikuwa rangi. Kifuniko na mwili wa sanduku vilikuwa vinagusana rangi kwa rangi, si bati kwa bati, na rangi haipitishi umeme, kwa hiyo ukingo mzima ulikuwa mwanya mmoja mrefu. Nililipeleka kwa fundi aparure rangi kwenye midomo yote miwili.

“Mwanangu, sanduku jipya unaliparura rangi? Mtoto atakubali kwenda nalo shule kweli?”

“Si la mtoto, ami. Ni la simu.”

Alinitazama tu, akaendelea kuparura. Juu ya bati tupu nikabandika utepe wa shaba pande zote, shilingi 2,600. Kebo za antena zinapita kwenye soketi za skrubu zilizofungwa kwenye ukuta wa sanduku, si kwenye tundu. Kebo ya USB ya kuchajia simu ilibidi niitoe kabisa: kebo yoyote inayotoka nje hivihivi hubeba mawimbi kama antena. Simu inakaa ndani kwa betri yake, na programu inayorekodi matukio nikaisoma baadaye. Sasa ukipiga, unaambiwa mteja hapatikani.

Julai 19: mnara unawaka

Haya yameandikwa kwingi, nayafupisha. Kompyuta ya mezani iliyotumika, redio ya kuendeshwa na programu (nakala ya B210 iliyotengenezwa China), srsRAN kama mnara wa LTE (yaani 4G), Open5GS kama kiini cha mtandao, laini tupu za kujiandikia, namba ya mtandao wa majaribio 001-01. Upana wa masafa ni megahezi 5. Redio ilikaa forodhani muda mrefu kuliko ilivyosafiri, na nauli na kodi zikaongeza shilingi 13,700 juu ya bei.

Kilichogoma ni saa ya redio. Asubuhi simu iliuona mnara, mchana haikuuona. Redio hizi za bei nafuu zina kioo cha saa kinachoyumba joto likipanda, na joto la Mombasa mnalijua. Mnara halisi mkubwa hauruhusiwi kukosea zaidi ya sehemu 0.05 kwa milioni. Wangu ulikuwa unakosea mara nyingi zaidi ya hapo. Nilinunua saa inayofuata GPS kwa shilingi 14,500, antena yake nikaitoa dirishani, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Anayetaka kuiga kazi hii asiruke hatua hii, kwa sababu huko mbele tutapima mihamo midogo ya masafa, na saa inayoyumba itakudanganya kila mara.

Agosti 16: kuchelewa, jaribio la kwanza

Simu hupanga saa yake kwa kufuata mawimbi yanayotoka kwa mnara. Kwa hiyo huna haja ya kuchelewesha pande zote mbili. Ukichelewesha tu yale yanayorudi kutoka kwa simu, mnara utaona umbali wote wa kwenda na kurudi. Hii ilinirahisishia kazi mno.

Nilianza kwa kupitisha sampuli (mawimbi yaliyogeuzwa kuwa namba) kwenye programu ya GNU Radio, katikati ya redio na srsRAN, nikaweka kipande cha kuchelewesha. Hakikufaa. Kila nikizima na kuwasha, mafungu ya sampuli yalijipanga upya na kuchelewa kukabadilika kwa kiasi nisichokijua. Nikahamishia kazi ndani ya msimbo wa srsRAN wenyewe, kwenye tabaka linalopokea sampuli kutoka kwa redio: kihifadhi cha mduara, sampuli zinaingia huku na kutoka kule baada ya idadi ninayotaka. Kwa kasi ya sampuli milioni 7.68 kwa sekunde, sampuli 7,680 ni milisekunde moja, na kila sampuli moja ni kama mita 19.5 za umbali. Unaweza kuisogeza simu baharini mita ishirini ishirini ukiwa umekaa kitini.

Hadi kama kilomita 14 simu ilijiunga bila neno. Kupita hapo ikaanza kuzunguka: inapiga hodi, mnara unasikia, unajibu “karibu”, simu inaleta ujumbe wake, mnara hauupati, simu inaanza hodi upya. Hodi ya aina ya kawaida ya LTE imeachiwa nafasi ya milisekunde 0.1 hivi ya kuchelewa. Ikizidi hapo, mnara unakosea kukadiria umbali na kuiambia simu itangulize mawimbi yake kwa kiasi kisicho sahihi. GSM (2G) ina mpaka wake pia, kilomita 35, kwa sababu namba ya marekebisho inaishia 63. LTE kwa aina ndefu ya hodi hufika kilomita 100. Setilaiti ya karibu kabisa iko mara kadhaa zaidi ya hapo.

Septemba 6: mnara unasikiliza kwa kuchelewa

Suluhisho la njia ya kwanza ni hili. Setilaiti inajua iko wapi na inamulika wapi, kwa hiyo kuchelewa kwa katikati ya mwali wake kunajulikana kabla simu haijasema lolote. Mnara unaelekezwa usikilize baadaye kwa kiasi hichohicho. Kinachobaki ni tofauti kati ya katikati na pembeni.

Nilichagua kimo cha kilomita 360, ambacho ndicho SpaceX hutumia kwa setilaiti zake za simu, zenye kifaa cha mnara wa LTE ndani yake. Kwenda na kurudi moja kwa moja juu ya kichwa ni milisekunde 2.4. Hodi ikapita. Jibu likafika ndani ya muda, maana simu hungoja hilo “karibu” kwa hadi milisekunde 10, kuanzia milisekunde 3 baada ya hodi kwisha. Halafu ikagoma pale nisipopategemea.

Katika LTE, simu ikituma kifurushi hutarajia stakabadhi baada ya milisekunde 4 kamili, si kabla wala si baada. Ni saa ya chuma, haina kipengele cha kuirefusha. Milisekunde 2.4 zikiliwa na safari, mnara unabaki na 1.6 za kupokea kifurushi kizima, kufasiri na kujibu, na kompyuta yangu haiwezi. Stakabadhi zilikuwa zinachelewa, simu inarudia kutuma, mnara unapokea marudio juu ya vitu vilivyokwisha kupokelewa, na kumbukumbu za mnara zikajaa takataka.

Nilijaribu kwanza kuipa srsRAN viini vya kompyuta vya peke yake na kuzima kila kitu kingine. Ikapungua, haikuisha. Kilichofanya kazi ni kuacha kungoja: mnara unajibu “nimepokea” kila mara, hata kabla haujafasiri. Ikigundulika baadaye kwamba kifurushi kiliharibika, tabaka la juu, ambalo lina subira ya makumi ya milisekunde, linadai kirudiwe. Ni uongo, lakini simu haina namna ya kuujua. Upande wa kutoka mnarani kwenda kwa simu hauna shida hii, kwa sababu huko marudio hayafungwi na saa. Shida yake ni kwamba vifurushi vinavyosubiri stakabadhi haviwezi kuzidi 8 kwa wakati mmoja, kwa hiyo kadiri safari inavyorefuka ndivyo mnara unavyokaa bure ukingoja. Kasi ilishuka kwa zaidi ya robo. Kwa ujumbe mfupi haina maana yoyote.

Simu ikajiunga, ikapata intaneti, ikafungua ukurasa. Simu ya kawaida, haikuguswa hata programu moja.

Kisha nikacheza na pembeni ya mwali, na hapa ndipo penye funzo kwa anayepanga huduma. Mwali unaomulika chini moja kwa moja, wenye nusu kipenyo cha kilomita 25, pembeni yake iko mbali zaidi ya katikati kwa chini ya kilomita moja. Hakuna shida. Mwali uleule ukimulika kwa mshazari, setilaiti ikiwa digrii 30 tu juu ya upeo, tofauti inapita kilomita 20, nje ya zile 14 tulizoziona Agosti. Niliweka sampuli za tofauti hiyo na simu ikarudi kwenye kupiga hodi bila kuitikiwa. Setilaiti iliyo chini sana angani ni kama haipo, hata mawimbi yakifika.

Oktoba 4: Doppler

Setilaiti ya kilomita 600 huenda kilomita 7.56 kwa sekunde. Kwa masafa ya gigahezi 2, mawimbi yake huhama hadi kilohezi 48 ikiwa inakuja au inaondoka. Mikondo midogo ya LTE, yaani vipande vyembamba vya masafa vinavyobeba data, imepangwa kwa nafasi ya kilohezi 15, kwa hiyo mhamo huo unaruka mikondo mitatu. Setilaiti lazima irekebishe masafa kwa ajili ya katikati ya mwali. Mezani nilipima tu kiasi kinachobaki.

Nilihamisha masafa ya pande zote mbili na kuongeza kidogokidogo. Kutoka mnarani, simu ilivumilia vizuri kuliko nilivyofikiri, ikafuata mhamo kimyakimya. Lakini kufuata kwenyewe ndiko kunakoleta balaa. Simu haina saa yake ya kuaminika; huchukua masafa ya mnara kuwa ndiyo kweli na kutuma kwa kuyafuata. Mawimbi yake yakihama tena njiani, mnara unapokea kosa mara mbili. Mhamo wa hezi 600 unafika mnarani kama 1,200.

Hodi ya LTE ina mikondo yake midogo zaidi, ya hezi 1,250. Kosa likikaribia namba hiyo, hodi haipotei, jambo ambalo lingekuwa afadhali. Inasomeka kama hodi iliyotoka umbali mwingine kabisa. Nilipoteza muda mwingi nikikagua kihifadhi changu cha sampuli, nikidhani ndicho kinachoruka, kwa sababu mnara ulikuwa unaripoti umbali wa ajabu huku simu haijasogea sandukuni.

Dawa ilikuwemo kwenye kanuni tangu zamani. LTE ina kipengele cha mwendo kasi, kilichowekwa kwa ajili ya treni, kinachoziacha zile hodi zinazoweza kuchanganywa na nyingine. Nikakiwasha, umbali ukatulia. Gharama yake ni kwamba hodi zinazofaa zinapungua, na simu nyingi zikiita kwa pamoja zitagongana zaidi.

Novemba 15: njia ya pili, setilaiti ya mbali

Simu ya Toleo la 17 ninayoweza kuinunua na kuitia sandukuni sikuipata, kwa hiyo hapa simu pia ni programu: OpenAirInterface pande zote mbili, bila redio, ikiiga safari ya kwenda setilaiti ya kilomita 35,786 na kushuka hadi kituo cha ardhini. Njia moja ni milisekunde 238.74, kwenda na kurudi karibu nusu sekunde.

Kanuni mpya zinatatua kwa uwazi yale niliyoyafanya kwa ujanja. Tangazo la mnara liitwalo SIB19 linabeba mahali na mwendo wa setilaiti. Simu inajua mahali ilipo yenyewe kwa GPS, inapiga hesabu ya umbali na kutanguliza mawimbi yake. Kipengele kiitwacho K-offset kinasogeza ratiba yote mbele, kwangu milisekunde 478. Stakabadhi za papo kwa papo zinaweza kuzimwa, au vifurushi vinavyosubiri viongezwe kutoka 16 hadi 32.

Kujiunga kulifaulu mapema. Kisha ping, kipimo cha muda wa kwenda na kurudi, ikaonyesha sekunde moja na nusu, mara tatu ya fizikia. Mwigo ulikuwa unaenda polepole kuliko saa ya ukutani: kompyuta yangu ilihitaji sekunde kadhaa kuiga sekunde moja, ilhali kiini cha mtandao kinapima kwa saa halisi. Wakati mwingine kilikata tamaa katikati ya kuthibitisha laini. Nilipunguza upana hadi megahezi 5 na kufunga kila programu nyingine, ping ikakaa juu kidogo tu ya nusu sekunde.

Lililofuata lilinitesa zaidi. Data ilipita, lakini nusu ya vilivyotumwa vilikuwa marudio. Tabaka linalodai vifurushi virudiwe lina kipima muda chake, na kawaida yake kwa ujumbe wa usimamizi ni milisekunde 45. Jibu haliwezi kurudi kabla ya 478. Kwa hiyo kila kifurushi kilirudiwa tena na tena huku cha kwanza kingali njiani. Ukirefusha kipima hicho, cha juu yake kinafuata: vipima vya kuomba muunganisho, kisha cha kupanga upya vifurushi, kisha TCP yenyewe, kanuni ya intaneti ya kufikisha data, ambayo huanza na vifurushi kumi na kungoja nusu sekunde ndipo iongeze. Kubadilisha TCP ya Linux kutumia BBR, mbinu nyingine ya kuamua kasi ya kutuma, kulisaidia mafaili makubwa. Kwa kurasa ndogo hakuna cha kufanya.

Kwa setilaiti ya chini, programu ileile inakabiliwa na jambo lingine: kuchelewa kunabadilika kwa zaidi ya maikrosekunde 40 kila sekunde, na LTE na 5G za kawaida zinavumilia kosa la kama 4.7 tu. Simu isiyojirekebisha yenyewe inatoka kwenye mstari kabla sekunde haijaisha. Nilipozima marekebisho hayo, muunganisho ulikatika palepale.

Januari 10, 2026: gharama, na kinachoendelea

Kompyuta 48,000, redio 41,000, nauli na kodi 13,700, saa ya GPS 14,500, laini kumi 11,000, sanduku 3,200 na utepe 2,600, vipunguza mawimbi na kebo 6,400. Jumla shilingi 140,400. Simu ilikuwa yangu ya zamani. Fundi wa kuparura rangi alikataa malipo, akataka tu aonyeshwe. Anayetaka njia ya pili peke yake anahitaji kompyuta tu, na aongeze pesa hapo kuliko kwenye redio.

Desemba Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX ya kuleta huduma hii katika nchi zake 14, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwemo. Nimeanza kuulizwa kama wavuvi wataweza kupiga simu. Ujumbe mfupi kwanza, nadhani, kwa sababu zilizo hapo juu. Tena wajue watakuwa mahali pazuri na pabaya kwa pamoja: baharini hakuna paa la mabati wala slabu ya zege, lakini setilaiti za obiti ya mwinamo wa digrii 53 hukusanyika zaidi karibu na latitudo hiyo na kutawanyika juu ya ikweta. Setilaiti iliyo juu kabisa ya kichwa, ile tuliyoona Septemba kwamba ndiyo rahisi, sisi tutaipata mara chache kuliko watu wa Ulaya.

Ninachojaribu sasa ni kuhamisha simu kutoka setilaiti moja hadi nyingine. Kwa kimo cha kilomita 360 kila moja inapita kwa dakika chache tu. Jaribio hili linahitaji redio ya pili. Imeshalipiwa, iko forodhani.